Kutafuta mwenzi mtandaoni baada ya miaka 50: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Morogoro. Mume wangu wa kwanza alifariki nikiwa na miaka 51. Mume niliye naye sasa tulijuana kwa simu, yeye akiwa Moshi, na tangu watu walijue hilo haipiti wiki bila mtu kunivuta pembeni: kanisani, kwenye kikoba, hata msibani. Wanaoniuliza ni wajane, wagane, walioachana na wenzao, na wachache ambao hawajawahi kuoa wala kuolewa. Hapa nimekusanya yale yanayojirudia, na majibu ni yaleyale ninayowapa ana kwa ana.

Nina miaka 58 na wajukuu. Kutafuta mwanamume kwenye simu si aibu?

Si aibu. Upweke wa mtu mzima nimeuona wodini miaka mingi. Mgonjwa anaruhusiwa, unamuuliza nani atamkumbusha dawa nyumbani, anatazama ukuta. Watoto anao, lakini mmoja yuko Dar, mwingine Arusha, mwingine Muscat, na simu inapigwa Jumapili. Kumtaka mtu wa kukuuliza umeamkaje kila asubuhi si tamaa mbaya.

Kama umefiwa na mume na ukoo wake unakuambia urithiwe na shemeji, au ukae hivyohivyo kulinda heshima ya marehemu, ijue Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Kifungu cha 68 kinasema kwamba hata mila ikisema vingine, mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anakopenda, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume anayemtaka mwenyewe. Nimewahi kumsomea shemeji wa mtu kifungu hicho sebuleni, chai ikapoa mezani, lakini alielewa.

Ninachokiogopa mimi ni kujificha. Watu wazima ninaowajua walioumizwa mtandaoni, karibu wote walikuwa wanalifanya peke yao, usiku, mlango umefungwa. Tapeli alipoomba pesa hapakuwa na mtu wa kusema "hebu ngoja kwanza". Zamani mtu hakwenda kuposa mwenyewe. Alikuwepo mshenga, na kazi yake haikuwa kubeba barua tu. Aliuliza ukoo, madeni, magonjwa, na kama kuna mke mwingine amefichwa mahali. Simu imetuondolea mshenga, basi mrudishe. Chagua mtu mmoja, dada, rafiki, binti mkubwa au mwanakwaya mwenzako, umwambie: natafuta mwenzi, nitakuonyesha kila ninayezungumza naye. Mficha uchi hazai.

Nianzie wapi?

Watu wa rika letu wengi wako Facebook na WhatsApp. Badoo na Tinder nako wapo, ila vijana ni wengi zaidi, kwa hiyo usisahau kuweka umri unaoutafuta, tuseme 52 hadi 68, na umbali unaoweza kusafiri. Anza na sehemu moja. Ukijisajili kwenye tatu kwa pamoja utachanganya majina ndani ya siku nne.

Nunua laini ya pili, isiyo na pesa ndani, na hiyo ndiyo uwape watu unaojuana nao mtandaoni. Isajili dukani kwa mtoa huduma, kisha piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Picha ya kitambulisho cha NIDA usimtumie mtu yeyote, hata akisema naye atakutumia chake.

Kuhusu makundi ya WhatsApp ya "wachumba walio siriasi" yanayotoza kiingilio, mimi sijaridhika nayo. Mwenye kundi anapokea pesa za watu mia mbili na hamjui hata mmoja wao. Huyo si mshenga.

Niandike nini kuhusu mimi?

Andika maisha yako yalivyo. Mzee mmoja wa Dodoma, dereva wa malori aliyestaafu, alinionyesha alichoandika: "Natafuta mke mcha Mungu, mwaminifu, mwenye heshima, asiyependa makuu." Miezi mitatu hakupata mtu, na si ajabu, kwa sababu maneno hayo yameandikwa na kila mwanamume kuanzia Bukoba hadi Mtwara. Nikamuuliza: saa kumi jioni huwa uko wapi? Akasema yuko kwenye zabibu zake Hombolo, redio imetundikwa kwenye mti, anasikiliza mpira. Tukaandika upya:

"Nina miaka 63, mgane, nimeendesha malori miaka thelathini. Sasa nina ekari moja ya zabibu na redio. Watoto wanne, wote wanajitegemea. Napika ugali wangu mwenyewe na nimechoka kuula peke yangu. Sinywi pombe. Sigara nimepunguza, sijaacha."

Ndani ya wiki mbili waliomwandikia walikuwa watano, na wawili kati yao walianza kwa kuuliza habari za zabibu. Hilo la sigara alitaka tulifute. Nilikataa, maana mwanamke asiyevumilia moshi ni afadhali ajue siku ya kwanza kuliko kufunga safari ya bure.

Picha ipigwe mchana, nje, uso uonekane, bila vile vichujio vinavyofuta mikunjo. Usitumie picha ya pasipoti. Na tafadhali, usikate picha ya harusini iliyokuwa na marehemu. Nimeiona ya mgane mmoja ambayo mkono wa mkewe umebaki begani kwake, pete inaonekana. Mwanamke akiona mkono ule anafunga ukurasa.

Nipunguze umri kidogo?

Hapana. Siku ya kuandikisha ndoa vitambulisho vitawekwa mezani, na uongo wa miaka sita utamfanya ajiulize ni nini kingine ulichopunguza.

Nitamjuaje tapeli?

Mwezi wa tatu wa kutafuta kwangu alinijia mwanamume aliyesema anafanya biashara ya dagaa Kigoma. Mpole, mwandishi mzuri, anajua kubembeleza. Simu ya video alisema kamera imeharibika. Jioni moja ya Juni, saa kumi na mbili na dakika arobaini, akanitumia picha ya baraza: taa imewashwa, mbingu nyeusi kabisa. "Nimekaa nje sasa hivi nakuwaza."

Alichokuwa hakijui ni kwamba nilifanya kazi Kigoma miaka sita. Saa ile Morogoro giza limeingia, lakini Kigoma jua bado liko juu ya ziwa. Nchi yetu ni pana na saa zetu ni za aina moja, kwa hiyo magharibi kule jua linachelewa zaidi ya nusu saa. Mwezi wa Juni unalitazama likishuka nyuma ya milima ya Kongo karibu na saa moja kamili. Mtu aliyeko Kigoma hana usiku saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nililia, sikatai. Siku nne baadaye akaomba laki tatu ya kukomboa mzigo, na mimi nilikuwa nimeshamwonyesha dada yangu mazungumzo yote.

Basi muulize mtu habari za mahali anaposema yuko: daladala ipi inapita kwake, soko linafungwa saa ngapi, jana mvua ilinyesha? Piga simu ya video mapema, ndani ya wiki mbili, na umwombe atoke nje akuonyeshe mtaa, maana siku hizi hata sura ya kwenye video inaweza kughushiwa kwa kompyuta. Anayekwepa mara tatu, achana naye.

Hadithi zao ni zilezile. Yuko mwanajeshi wa Marekani aliyeko vitani, yuko injinia wa meli, yuko daktari wa Umoja wa Mataifa. Amekutumia zawadi, na sasa "ofisa wa forodha" anakupigia ulipe ushuru kwa namba ya mtu binafsi. Serikali ya Tanzania inapokea malipo kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontro namba, wala pesa haitumwi kwa simu ya mtu. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea kwenye kioo. Lisome. Rafiki yangu wa kwaya alituma shilingi milioni moja na laki nane kwa "kampuni ya mizigo", na jina lililotokea lilikuwa la mtu tu. Aliliona, akatuma, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu afiwe kulikuwa na mtu anayemwita "malkia wangu". Naomba msimcheke mtu wa namna hiyo.

Wanaume wa rika letu wanaliwa nauli. Binti anaahidi kuja Ijumaa, nauli inatumwa, Ijumaa simu haipatikani. Kama kweli unataka aje, mkatie tiketi ya basi kwa jina lake, au panda basi wewe.

Aliyestaafu juzi awe mwangalifu mara mbili. Mtu akifikisha miaka 60 na kutoka kwenye utumishi, habari za mafao husambaa haraka, na wapo wanaokaa miezi wakijenga mapenzi kwanza, wasiombe hata shilingi, kisha wanakuonyesha "biashara" ya sarafu za kidijitali ambayo wao inawalipa vizuri. Unaweka kidogo, unaona faida kwenye kioo. Unaweka kiinua mgongo chote, ukurasa unafungwa.

Sheria yangu ni moja na haina msamaha: kabla hatujaonana ana kwa ana na ndugu zetu hawajafahamiana, pesa haitembei, si ya vocha, si ya dawa ya mama yake.

Nimeshatuma pesa. Nifanye nini?

Usimwambie umegundua. Kwanza piga 100 kwa mtandao wako, leo hii, uombe muamala uzuiwe. Pesa ikishatolewa kwa wakala hairudi kirahisi. Kama ulitumia benki, nenda tawini. Namba ya tapeli itume 15040, ndiyo namba ya kuripoti utapeli wa simu Tanzania. Kenya, kwa Safaricom, namba ya kuripoti ni 333, na ujumbe wa M-Pesa wa kuomba pesa irudishwe unatumwa 456. Hifadhi mazungumzo yote kwa picha za skrini kabla hajafuta, kisha nenda kituo cha polisi, ueleze, na usiondoke bila namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2018, kwa hiyo unachoripoti ni kosa la jinai. Si "mambo yako ya mapenzi", hata kama anayekuhudumia dirishani anatabasamu. Nenda na mshenga wako.

Kama ulimtumia picha za utupu na sasa anatishia kuzisambaza kwa watoto wako, usilipe. Ukilipa mara moja atarudi kesho. Waambie watoto wewe mwenyewe kabla yake. Najua ni dakika ngumu kuliko zote. Mama mmoja alinipigia akitetemeka, tukampigia mwanawe wa kwanza pamoja, simu iko kwenye spika. Kijana alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Mama, umekula?" Tapeli alituma vitisho siku mbili zaidi akaacha.

Watoto wangu hawataki. Nifanyeje?

Wasikilize, kwa sababu mara nyingi hasira yao ina swali ndani yake. Wanajiuliza baba yetu amesahauliwa? Nyumba itakuwa ya nani? Huyu mtu atakuumiza? Mwanangu wa kiume hakuongea na mimi miezi miwili. Nilipombana akasema anachoogopa ni kukuta viatu vya mwanamume mwingine mlangoni pale pale vilipokaa vya baba yake. Tukahamisha kabati la viatu. Naandika hivi na bado linanigusa.

Usimlete mgeni nyumbani kwa kushtukiza. Tangaza kwanza, kisha simu, kisha chakula cha mchana mahali pasipo kwako wala kwake. Ila ruhusa usiombe kwa watoto kama mtoto. Wanastahili kuelezwa, uamuzi ni wako.

Tukutane wapi mara ya kwanza?

Mahali penye watu, mchana, mji ambao una mtu unayemjua. Mshenga ajue jina, namba na saa, na akupigie baada ya saa moja. Nauli yako ya kurudi iwe mfukoni mwako. Kama una dawa za presha au sukari, kunywa na kula kwa saa zako. Msisimko usikufanye usahau. Mimi nilikutana na Mzee wangu mgahawani karibu na stendi, na dada yangu alikaa meza ya tatu akijifanya hatujui hadi alipoitwa aje kusalimia.

Na mambo ya chumbani, umri huu?

Swali hili naulizwa kwa kunong'onezwa, nami nalijibu kwa sauti ya kawaida. Baada ya kukoma hedhi, ukavu ukeni ni jambo la kawaida na linatibika. Vilainishi vya maji vinauzwa duka la dawa, na daktari ana dawa nyingine kama hivyo havitoshi. Usitumie mafuta ya kupikia wala ya kupaka, hasa pamoja na kondomu, kwani yanaichana. Mwanamume mwenye presha au kisukari akipungukiwa nguvu si mkosi wala hajarogwa. Mara nyingi ni ugonjwa wenyewe au dawa zake, na daktari anaweza kubadilisha dawa. Akienda kununua vidonge vya kuongeza nguvu mwenyewe, naye anatumia dawa ya moyo ya jamii ya naitreti, ile inayowekwa chini ya ulimi, presha inaweza kushuka ghafla hadi kumuua. Amuulize daktari kwanza.

Pimeni VVU pamoja kabla ya kulala pamoja, na mrudie baada ya miezi mitatu. Kukoma hedhi kunaondoa mimba tu. Na mtu anayeishi na VVU asijifungie nje ya haya yote: ukitumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenzako kwa tendo la ndoa. Mwambie mapema, mkae na mhudumu wa afya awaelezee wote wawili.

Nina nyumba na kiwanja. Nikiolewa, vinakuwa vyake?

Havigeuki kuwa vyake kwa ndoa peke yake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania inaacha mali ya kila mmoja ibaki yake. Lakini akiweka jasho au pesa kuiboresha nyumba hiyo mkiwa mmeoana, anaweza kudai sehemu ndoa ikivunjika. Na nyumba mnayoishi kama mke na mume haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzako. Kenya, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inawaruhusu wachumba kuandikiana mkataba wa mali kabla ya ndoa.

Kwa watu wenye watoto wakubwa nasisitiza wosia. Andikeni wote wawili, mbele ya mwanasheria, watoto wajue kwamba upo. Kwa Waislamu wosia hauvuki theluthi moja, na mjane anarithi thumni, yaani sehemu moja ya nane, kama marehemu ana watoto, robo kama hana; watoto wakielezwa hesabu hiyo mapema, nusu ya ugomvi inaisha.

Jihadharini pia na "tutaishi tu, karatasi ya nini". Watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kuwa mke na mume, sheria ya Tanzania inaweza kuwachukulia kuwa wameoana. Umeingia ndoa bila kupanga.

Taratibu za dini na serikali zikoje?

Serikalini, Tanzania na Kenya, notisi ya nia ya kuoana inatolewa siku 21 kabla. Mjane au mgane aandae cheti cha kifo, aliyeachana aandae talaka ya mahakama. Kwa Wakatoliki, aliyefiwa yuko huru. Aliyeachana anahitaji kwanza tamko la Kanisa la ubatili wa ndoa ya mwanzo, aanzie kwa paroko wake, na asimfiche mwenzake kwamba bado.

Kwa Mwislamu, eda, yaani muda wa mwanamke kungoja kabla ya kuolewa tena, kwa aliyefiwa ni miezi minne na siku kumi, na ya aliyeachwa akiwa ameshakoma hedhi ni miezi mitatu. Mama mtu mzima lazima aseme mwenyewe kwamba ameridhia. Kunyamaza kwake hakutoshi. Walii, yaani msimamizi wa kumwozesha, bado anahitajika kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambao ndio wengi kwetu, na hapa wengi hushangaa: mwanao wa kiume hawi walii wako kwa sababu tu umemzaa. Ni baba, babu, kaka, na kuendelea, wasipokuwepo, kadhi.

Anayenitaka yuko Ulaya au Ghuba. Nimwamini?

Wapo wenzetu wa kweli kule wanaotaka kurudi kuzeeka nyumbani. Huyo atakuwa na ndugu hapa. Omba uonane nao kabla ya kuonana naye, na kama katika Afrika Mashariki nzima hana hata shangazi mmoja wa kukusalimia, subiri.

Mwaka umeisha, sijapata mtu. Niache?

Pumzika mwezi mmoja, futa programu ukitaka, kisha uamue. Kwangu ilikuwa miezi kumi na minne na wanaume kumi na mmoja ambao hatukufika popote: watatu matapeli, wawili wana wake, mmoja mwema sana lakini alitaka mtu wa kuhamia Songea, wengine maneno yaliisha tu.

Wa kumi na mbili alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anajieleza, mwalimu wa zamani, mgane, kahawa kidogo shambani, mara akasema "subiri", nikasikia hatua, kifuniko cha sufuria, maji yakimwagwa, kuku. Dakika nzima bila neno. Kisha akarudi akihema: "Samahani mama, ndizi zilikuwa zinashika chini. Nilikuwa nimefika wapi?" Nikampelekea dada yangu asikilize. Akaniambia, mjibu.